Hivi ni kweli mgonjwa wa sukari akishakatwa mguu hadumu? Bamdogo kagoma kabisa

Dogo wa Tandika
Habari zenu wakuu, naenda kwenye mada moja kwa moja.

Bamdogo wangu ni fundi cherehani huku Temeke, sukari anayo tangu mimi niko shule ya msingi. Ana kidonda chini ya unyayo, pale kwenye shina la kidole gumba. Kilianza kama sugu, sugu likapasuka, na kwa kuwa hakikumuuma akakipuuza akaendelea kukanyaga cherehani. Sasa hivi kidole cha pili nacho kimekuwa cheusi, dokta kasema vidole viwili vitoke na wakizidi kuchelewa wanaweza kupandisha mpaka chini ya goti. Bamdogo kagoma. Anasema kila anayemjua aliyekatwa mguu kwa sukari hakumaliza mwaka, anawataja mmoja mmoja na mitaa yao, na kweli wengine nawajua na mazishini nilikwenda.

Shangazi zangu wako upande wake, baba na mamdogo wanataka akatwe, mimi nipo katikati natumwa huku na huku. Ila kinachoniuma zaidi ni maisha anayoishi saa hizi. Msikitini kaacha kwenda, msibani haendi, harusi ya binti wa jirani kaikimbia, yote kisa harufu. Mamdogo kahamia kulala na watoto, anasema ni kwa ajili ya kumpa nafasi lakini wote tunajua. Usiku miguu inamuwaka moto anaitoa nje ya neti, halali. Wateja wakipiga simu hapokei.

Kwa hiyo maswali ni mawili, ni kweli akikatwa hadumu? Na wenye uzoefu, bora kukatwa au bora kuuguza hivi hivi?

Mwenye Siti
Nimeshakaa. Leteni madini.

kiberiti2
Pole mkuu. Mimi nakwambia ukweli bila kukupaka mafuta, bamdogo wako yuko sahihi. Jirani yetu Vingunguti walianza na kidole kimoja, wakaja nusu ya unyayo, wakaja chini ya goti, wakamalizia juu ya goti, na mguu wa pili ukaanza. Kila wakikata wanasema safari hii tumemaliza. Mwisho tukamzika. Sukari haitaki chuma, ukishaupasua mwili wa mtu wa sukari umeshaufungulia mlango.

Nesi Mstaafu
@kiberiti2 hapana mwanangu, hapo umeshika mkia. Siyo chuma kilichomuua. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji mpaka nastaafu, wengi wa hao walikuwa wanaletwa mguu umeshaoza, damu imeingia vijidudu, sukari haisomeki kwenye mashine. Huyo hata usipomkata anaondoka. Mkimkata anaondoka halafu lawama inabaki kwa kisu.

Halafu kuna jambo watu hawaambiwi. Mishipa ya damu iliyoziba mguuni ni ndugu wa mishipa ya moyo na figo. Ukiona mguu umefika hatua ya kukatwa, mara nyingi na huko ndani hali si shwari. Ndo maana hata nchi zenye hospitali kubwa kubwa, kiasi cha nusu ya wanaokatwa mguu mzima kwa sukari hawafikishi miaka 5. Hilo ni kweli, bamdogo hajatunga. Lakini kutoa vidole viwili si sawa na kukata mguu, msichanganye.

@Dogo wa Tandika, kidole cheusi, harufu, na je ana homa? Kama ana homa au wekundu unapanda mguuni usisubiri majibu ya humu, mpelekeni leo.

Mjuaji
Na ndo mjue ugonjwa huu ni janga, duniani kila sekunde 30 mtu mmoja anakatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Fundi Redio
@Mjuaji hiyo ya sekunde 30 ni takwimu ya 2005, jarida la Lancet liliiweka mpaka kwenye jalada. Siku hizi wanasema sekunde 20. Sasisha taarifa zako.

Mjuaji
Kwa hiyo nimekosea kwa sekunde 10 😂 haya mwalimu.

kiberiti2
Swali kwa nesi. Jamaa kasema kidonda hakiumi, halafu akasema usiku miguu inawaka moto. Sasa ipi ni ipi? Au bamdogo anadeka?

Nesi Mstaafu
Hadeki. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva. Neva iliyoharibika inaweza ikashindwa kupeleka habari ya msumari lakini yenyewe ikawa inapiga kelele za uongo, moto, pini, sisimizi, hasa usiku. Kwa hiyo mtu anakanyaga kipande cha chupa hajui, halafu akilala anaungua na hakuna moto. Kliniki wanapima kwa kile kiuzi cha nailoni, wanakubonyeza unyayoni umefumba macho unasema hapa nasikia hapa sisikii. Rahisi sana na hakimalizi dakika 5, lakini waulizeni ndugu zenu wenye sukari wangapi wamewahi kuvuliwa viatu kliniki. Wanapimwa presha, wanapewa vidonge, haya kwaheri.

Mtu wa Wete
Assalaam alaykum. Mie nasema hao wote wanaokufa baada ya kukatwa hawafi kwa mguu, wanafa kwa kukaa. Babaangu alikatwa chini ya goti, kidonda kikapona vizuri tu, kikakauka. Lakini alikuwa mtu wa baraza, jioni lazima akacheze bao, akapige soga. Baada ya hapo akawa hatoki. Tukamwambia tukubebe akasema mimi si gunia. Kahawa akawa anaipigia ndani peke yake. Ikawa mara presha, mara kifua, mara hataki kula, madaktari wanaandika hiki na hiki lakini sisi tuliokuwa nae ndani tunajua. Mtu akishajiona mzigo roho inaondoka kabla ya mwili.

Mzizi Mkavu
Wakuu mnazunguka sana. Kidonda kisichopona chini ya unyayo 90% mtu kakanyaga kitu alichotegewa. Fundi cherehani mwenye wateja wengi, mtaani, wivu, hesabu mwenyewe. Hospitali hapo watakata mpaka shingoni. Kuna majani nachanganya na asali mbichi, wiki tatu kinafunga, nipigieni [namba imefutwa na msimamizi]

Mguu Chuma
@Mzizi Mkavu hiyo 90% uliipima kwa mashine gani? Maana mimi nilikutana na wenzako wawili, wa kwanza kanipaka kitu kijani, wa pili kanifukiza mguu kwenye mvuke wa moto. Mguu wenyewe hausikii moto! Niliivishwa kama kiazi nikiwa nasema asante mzee.

kiberiti2
😂😂😂 "asante mzee"

Mguu Chuma
Cheka tu. Ngoja nimjibu mwenye uzi maana ndo mlengwa.

Dogo, mimi nimekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Nilikuwa kondakta. Kabla ya hapo niliuguza kidonda muda mrefu sana, na nakwambia kwa kinywa changu kile kipindi cha kidonda ndo kilikuwa kibaya kuliko huu wa mguu mmoja. Kila siku asubuhi kusafisha, nauli ya kwenda kusafishiwa, gozi unanunua mwenyewe, ukipanda daladala unakaa dirishani ili harufu itoke nje, mtoto wako akikukumbatia unamsukuma. Huna mpango wowote wa kesho kwa sababu kesho inategemea kidonda kimeamkaje. Siku kilipokatwa nililia, sikatai. Ila baada ya kupona nililala usiku mzima.

Sasa msije mkasema nawapigia debe madaktari. Mguu usiokuwepo unauma. Vidole ambavyo vimezikwa vinawasha na huwezi kuvikuna. Mguu wa bandia nilisubiri sana kwa sababu ya hela, na wa kwanza ulikuwa unanibana nikapata malengelenge, nikakaa tena chini. Huu wa sasa nilitengenezewa vizuri na fundi aliyesomea kile chuo cha hospitali ya KCMC Moshi, TATCOT, wale wanafundisha kutengeneza miguu ya bandia na vifaa vya kushikilia viungo tangu miaka ya 80, wanakuja mpaka wanafunzi kutoka nchi nyingine. Goti langu limebaki ndo siri yenyewe. Waambie kama ni kukata basi wapiganie goti, mwenye goti anatembea, aliyekatwa juu ya goti anatumia nguvu nyingi mno, wengi wanaishia kwenye kiti.

Bado nipo, na kondakta sifanyi tena, naendesha bajaji.

Mwenye Siti
Mkuu heshima kwako. Bajaji breki ya mguu unaifanyaje?

Mguu Chuma
Breki ya mguu iko kulia, mguu wangu wa kulia mzima. Ila naukagua huo mmoja kila jioni kama mhasibu wa benki. Mke ananimulikia tochi ya simu katikati ya vidole.

Jirani wa Thika
Pole sana kwa hiyo familia. Huku kwetu Kenya mzee wetu mguu ulifura, moto, mwekundu, bila kidonda chochote. Hosi ya kwanza wakasema ni gout (jongo), wakampa dawa za gout. Ya pili wakasema ni infection, madawa tena. Kumbe mifupa ya ndani ya mguu ilikuwa inavunjika polepole na yeye anatembea nayo tu juu haisikii. Mpaka tunapata daktari anayejua, unyayo ulikuwa umelala chini kama mashua imepinduliwa. Hakukatwa lakini hakuna kiatu kinaingia mpaka leo. Kwa hiyo mimi nasema shida kubwa si kukatwa wala uchawi, ni kwamba huo mguu unaonwa na watu wengi na hakuna mmoja anaujua.

Nesi Mstaafu
@Jirani wa Thika hiyo inaitwa mguu wa Charcot, na wengi wanaipita. Mtu wa sukari mwenye ganzi, mguu mmoja umevimba una moto kuliko mwenzie na hana kidonda, asiukanyage mpaka apigwe picha.

binti_ganzi
Jamani mimi nina miaka 41, ganzi ninayo, kidonda sina. Naomba niulize bila kuchekwa. Niliamka asubuhi kidole changu cha mwisho kina alama kama kimechunwa, damu kwenye shuka, na sikusikia chochote. Mume akasema ni panya. Ni kweli panya anaweza kumtafuna mtu aliye hai?

Mjuaji
Panya anauma huku anapuliza, ndo maana husikii. Hiyo hata mtoto mdogo anajua.

Fundi Redio
Safari hii Mjuaji yuko nusu sahihi 😂 Panya hapulizi. Ni kwamba neva zimekufa. Na si mzaha, Dr. Zulfiqarali Abbas wa Dar, yule bingwa wa miguu ya sukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa sukari hapa hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Wengine walifika hospitali wamechelewa kwa sababu hawakujua kama wameumwa. Ndo yeye huyo aliyekuwa kwenye ule mradi wa Step by Step ulioendeshwa Tanzania, India na kwingineko, walikuwa wanachukua daktari na nesi pamoja kutoka mikoani wanawafundisha miguu kisha wanarudi kuanzisha kliniki kwao.

Nesi Mstaafu
@binti_ganzi nenda ukaoshwe hicho kidole na uchomwe pepopunda, usisubiri. Na neti uichomeke chini ya godoro pande zote, vaa soksi safi usiku. Chakula kisibaki chumbani.

binti_ganzi
Asante mama. Mume kashanunua paka.

Mtu wa Wete
Paka wa siku hizi wanalala na panya. Nunua mtego.

Dogo wa Tandika
Wakuu nashukuru, nimesoma yote. Nijibu mlioniuliza. Homa alikuwa nayo juzi, jana hana. Halafu bima hana, alikuwa nayo ya kikundi ikaisha muda hakulipia. @Mzizi Mkavu shangazi wameshampeleka kwa mtaalamu Mkuranga kabla hata yako, karudi na hirizi na kidonda kikubwa zaidi. Na asali wamempaka.

kiberiti2
Asali lakini inafanya kazi. Bibi yangu aliungua maji moto asali ikamponya bila kovu.

Nesi Mstaafu
Kuungua maji moto ni habari nyingine, ngozi ya bibi ina damu na ina hisia. Ipo asali ya hospitali iliyosafishwa, lakini miongozo ya kimataifa ya mguu wa sukari haishauri asali kwa vidonda hivi. Na hiyo ya kwenye chupa ya konyagi msiipake kabisa.

Ila nataka kurudi kwenye alichosema Dogo mwanzoni, watu wamekiruka. KAENDELEA KUKANYAGA CHEREHANI. Kidonda cha unyayoni kwa mtu mwenye ganzi hakiponi kwa sababu anakikanyaga, basi. Mimi na wewe tukiwa na kidonda chini tunachechemea bila kufundishwa. Yeye haumii hachechemei, kila hatua anakisaga upya. Unaweza kumwaga dawa za dunia nzima. Kama damu inafika vizuri mguuni na hakuna usaha, mgonjwa anafungwa hogo mpaka chini ya goti, lisilovuliwa, uzito unagawanyika, na vidonda vingi vinafunga ndani ya wiki 6 hadi 12. Lakini hilo lilikuwa la mwanzoni. Kwa hiki chenye kidole cheusi kwanza wapime kama damu inashuka. Mmeambiwa kuhusu kipimo cha mishipa?

Dogo wa Tandika
Hatujaambiwa. Walimshika shika juu ya unyayo wakaandika.

Nesi Mstaafu
Basi ulizeni. Mkate vidole mahali ambapo damu haifiki, hicho kidonda cha oparesheni hakitafunga, na hapo ndo ile hadithi ya kiberiti2 ya kukata kukata inapoanza.

kiberiti2
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Nesi Mstaafu
Kwa sababu zisizo zako.

dk wa vidonge
Kuna kitu kingine hamjakigusa. Metfomini, kile kidonge cha sukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka inaleta ganzi na kuwaka moto vile vile. Siyo kila ganzi ni ya sukari. Apimwe. Wapo wanaopata nafuu kwa sindano za B12.

Mzizi Mkavu
Aha! Kumbe dawa za hospitali ndo zinaharibu miguu. Mmesema wenyewe.

dk wa vidonge
Sijasema hivyo. Asiache metfomini. Nimesema apimwe B12.

Mzizi Mkavu
Imeshaandikwa iko hapo juu watu wanasoma.

mama wawili
Mimi nipo upande wa mamdogo maana naona hakuna aliyemtaja zaidi ya kusema kahamia kwa watoto.

Mume wangu ana kidonda cha sukari. Mimi ndo nakisafisha. Naamka kabla ya adhana, nachemsha maji ya chumvi, napoza, napima mkono wangu maana yeye hawezi kujua kama ni ya moto, nafungua bandeji, na hapo lazima usikunje uso kwa sababu anakuangalia usoni kuliko anavyoangalia mguu. Ukikunja uso siku nzima hasemi. Nikimaliza naoga naenda kuuza maandazi, na najihisi mikono inanuka mpaka nauliza wateja. Ndoa imekuwa kazi ya unesi. Sukari yenyewe imeshamwondolea nguvu za kiume, hilo hatuliongelei, yeye anajua na mimi najua, anajifanya ni kidonda. Ndugu zake wakija wanasema shemeji unamtunza vizuri, wanakunywa chai wanaondoka. Akikataa kukatwa wanasema muacheni ni mwili wake. Ni mwili wake ndio, lakini mikono ni yangu.

Dogo usimuulize bamdogo tu. Muulize na mamdogo anaweza kuendelea mpaka lini.

Mwenye Siti
Duh.

Mguu Chuma
@mama wawili nimemsomea mke wangu. Kasema "huyo mwambie ajaribu mafuta ya vicks chini ya pua wakati wa kusafisha". Kumbe ndo alikuwa anafanya miaka yote namuona ana mafua ya kudumu.

mama wawili
😂 Mpe salamu. Kesho najaribu.

Mtu wa Wete
Mie nilisema wanafa kwa kukaa, sasa naongeza. Babaangu tulimfanyia kila kitu mpaka kumkatia kucha ya mkono. Labda tungemwachia kazi. Huyo fundi wenu akatwe asikatwe, muulizeni atashona vipi. Mwanamme fundi miaka yote leo umwambie ukae tu tutakulisha, umeshamzika.

Fundi Redio
Cherehani si inafungwa mota? Zipo mota ndogo za kufunga pembeni, unaondoa ule mkanda wa chini. Hakanyagi tena, anabonyeza tu kipedali.

Jirani wa Thika
Anabonyeza na nini sasa? Si na mguu huo huo hausikii? Akibonyeza hajui amebonyeza kiasi gani atashona mpaka kidole.

Fundi Redio
Kweli hiyo sikuiwaza. Mguu mwingine?

Dogo wa Tandika
Miguu yote ina ganzi.

Fundi Redio
Basi pedali inahamishiwa kwenye goti, unaifunga ubavuni mwa meza anasukuma na goti. Cherehani za zamani zilikuja nazo hivyo kutoka kiwandani. Goti linasikia. Mimi mwenyewe naweza kuifanya, shida yake umeme ukikatika kazi imesimama.

Mjuaji
Na LUKU atalipa nani? Fundi anashona suruali elfu tano.

kiberiti2
Mota ndogo ya cherehani haili umeme mwingi acha uoga.

Mguu Chuma
Na hata akikatwa chini ya goti, goti lipo. Sawa fundi, umefikiria.

Mzizi Mkavu
Mtakumbuka maneno yangu.

Dogo wa Tandika
Update fupi. Nimemuonyesha bamdogo post ya Mguu Chuma. Kasoma kimya, akauliza "huyu anaendesha bajaji ya nani, ya kwake au ya tajiri?" Kuhusu kukatwa hajasema ndiyo wala hapana. Ila kakubali Jumatatu twende wampime mishipa ya damu, baba anatafuta hela. Shangazi hawajui bado, msinichomee.

Mguu Chuma
Mwambie ya tajiri. Hesabu elfu kumi na tano kwa siku.

Mwenye Siti
15 tu? Huku Kimara wanataka 20.

Mguu Chuma
Ya kwetu kuukuu.

binti_ganzi
Samahani naingilia, viatu vya wazi mbele vinaruhusiwa kwa mtu wa ganzi? Nina sendo nzuri nimenunua Kariakoo na harusi ni Jumamosi.

Nesi Mstaafu
Hapana. Kiatu kilichofunikwa, kipana, chenye soli nene, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani. Kanunue jioni, miguu ikiwa imejaa.

binti_ganzi
Nguo ni ya dhahabu sasa nitavaa raba?

mama wawili
Raba za dhahabu zipo, mtaa wa Kongo, uliza wanaouza za watoto wa kipaimara.